Raundi Tatu za Tovuti

Damu ya kwenye nyusi haina adabu. Unaifuta inarudi, unaikandamiza kwa kidole inatafuta njia ya pembeni, inateremka hadi jichoni na kumfanya mtu apepese kama aliyeingiwa na moshi wa kuni. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kona ya ulingo, pamba mkono wa kulia, uso wa mdogo wangu mkono wa kushoto, nikibana ile nyusi iliyopasuka vichwa vyao vilipogongana mwishoni mwa raundi ya pili. Ilikuwa nyusi ya upande wa kulia, na mdogo wangu alikuwa na jicho moja tu la kuonea, hilo hilo la kulia. Kwenye kona ya pili kaka yetu mkubwa alikuwa akisukutua maji na kuyatema ndooni, hatutazami. Katikati alisimama baba yetu, mikono nyuma, akisubiri muda wa kengele. Vijana wa mazoezi walikuwa wamejaa kwenye kamba wakipiga miluzi, maana hawakujua wanachokitazama.

Nikimsimulia mtu chanzo cha pambano lile huwa anacheka kwanza. Hawakuwa wakigombea mwanamke, wala kiwanja, wala urithi. Walikuwa wakigombea programu ya kutengenezea tovuti. Nimesema sawasawa, sijateleza ulimi. Ndugu wawili wa tumbo moja walivaa glovu na kupasuana nyuso ili ijulikane tovuti ya ukumbi wetu wa ngumi ijengwe kwa teknolojia ipi. Mtu akishamaliza kucheka namwambia lililobaki, na hapo huwa hacheki tena.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya ukumbi, na kati ya jiko na ulingo palikuwa na mlango mmoja tu. Baba tulimwita Kocha, hata mezani, hata akiwa mgonjwa, na marehemu mama naye alimwita hivyo hivyo. Kaka mkubwa alikuwa Trekta, kwa sababu alijua kwenda mbele tu, kurudi nyuma hakufundishwa. Mdogo wetu alikuwa Kioo. Jina hilo alipewa na Kocha alipoacha ngumi na kuanza kushinda mbele ya kompyuta, na Kocha alikusudia maana zote mbili, kioo cha kutazama na kioo cha kuvunjika. Mimi wa katikati niliitwa Sindano, maana kazi yangu ilikuwa kuziba majeraha. Nilijua kukausha damu ya watu kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe.

Na Kioo hakuacha ngumi kwa kupenda. Konde moja, la kijana ambaye hata jina lake tumelisahau, lilimuua jicho la kushoto. Daktari wa macho, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo, alimtia matone, akamulika, akamaliza, halafu akanigeukia mimi badala ya kumgeukia yeye. Alisema la kushoto limekwisha, tusihangaike nalo. La kulia linaona vizuri, lakini utando ulio nyuma yake umechakaa kama shuka la zamani, ukivutwa kidogo unachanika. Akipigwa tena kichwani, alisema, anzeni mapema kumfundisha kutembea na fimbo. Niliyabeba maneno yale mpaka nyumbani, nikammwagia Kocha mezani kama yalivyo. Kocha akatafuna, akameza, akasema madaktari ni watu waoga kwa sababu wanashinda na wagonjwa.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Ugomvi wowote uliowashinda watu kuumaliza kwa maneno uliishia ulingoni. Nani alale karibu na dirisha, nani alivunja redio, nani alimjibu nani vibaya: raundi tatu, aliyeshinda ndiye mwenye haki, na baada ya hapo mnakula sahani moja na hakuna kununa. Kocha aliamini kwa moyo wake wote kwamba amevumbua amani. Hata mimi nilishapanda na Trekta kwa ajili ya kipande cha sabuni, nikampasua mdomo, na sabuni ikawa yangu. Aliyekataa kupanda alihesabiwa amekiri kuwa hana haki, na hakusamehewa. Angesimangwa hivyo mpaka azeeke, na Kocha alikuwa na kumbukumbu nzuri sana ya mambo kama hayo.

Habari ya tovuti ililetwa na mwandaaji wa mapambano. Alipita kuwatazama mabondia wetu, akasema ndiyo mara yake ya mwisho kuja kwa miguu. Siku hizi, alisema, anafungua tovuti za kumbi akiwa kitini kwake, anaangalia uzito wa bondia, rekodi yake, video zake, kisha anapiga simu. Ukumbi usio na tovuti yeye anauhesabu umefungwa. Kocha alikasirika kutwa nzima, akamtukana yule bwana na ukoo wake wote, kisha akamwita Kioo na kumwambia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake tangu aache ngumi, "Hebu kaa hapa. Hili ni lako."

Nilimwona mdogo wangu akikaa. Alikalia ukingo wa kiti, kama mgeni anayeogopa kuambiwa kiti kina mwenyewe. Roho iliniuma kwa furaha, kama kitu hicho kinawezekana.

Kioo aliifanya kazi ile kama inavyopaswa. Kabla ya kugusa kitu alianza kuuliza. Nani ataifungua hii tovuti, na kwa simu gani? Mtandao wake una nguvu kiasi gani? Tunataka iuze tiketi, ionyeshe rekodi, au ipambe tu? Siku mimi sipo, nani atabadilisha tarehe ya pambano? Alizunguka ukumbini akiwauliza mabondia, akasimama na wapita njia pale mlangoni, akamuuliza hata mwandaaji yule kwa simu. Kocha, mzee wa kuuliza watu uzito na urefu wa mkono, alijibu swali moja tu katika yote. Alisema anataka tovuti iwatishe.

Kisha Kioo akatuwekea shauri lake mezani. Angetumia programu huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuitengeneza. Angeiweka kwenye seva ya kukodi, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la ukumbi. Kila bondia angekuwa na ukurasa wake kwenye hifadhidata, mwandaaji akitafuta uzito fulani apate watu papo hapo. Kurasa ziwe nyepesi, maandishi yaonekane, picha ziwe chache, ifunguke hata kwenye simu iliyopasuka ya mtu aliye mbali na mnara. Alieleza polepole, vidole vikicheza mezani, na mimi nilielewa kila kitu, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu kwenye mambo yake.

Trekta naye alikuwa ameona tangazo. Lilikuwa la jukwaa lililo tayari, huandiki msimbo hata herufi moja. Unachagua kiolezo, unaburuta picha kwa kidole, kesho yake uko hewani. Kiolezo alichokipenda kilikuwa cheusi na chekundu. Ukishusha ukurasa, glovu kubwa inachomoka pembeni na kukupiga usoni, na video zinaanza zenyewe bila kuulizwa. Kocha alipigwa na ile glovu, akacheka mpaka akashika mbavu, akaomba apigwe tena.

Mabishano yalianza vizuri, na mwanzoni nilidhani yatatufaa. Kioo alisema jukwaa la Trekta ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akibadili masharti tunalala nje, na rekodi za mabondia wote zimebaki chumbani kwake. Halafu ule ukurasa ni mzito, watu watachoka kusubiri glovu. Trekta alisema ngumi haisomwi, ngumi inaonwa, na kwamba kwenye jukwaa lake hata Sindano anaweza kubadilisha picha bila kumsumbua mtu. Wote wawili walikuwa na haki, na nadhani hilo ndilo lililowatia wazimu. Mtu akibishana na mpumbavu huchoka mapema.

Ndipo Trekta alipokosa la kuongeza akasema lile ambalo halikupaswa kusemwa. "Ya kwako funguo zake unazo wewe peke yako. Jicho hilo likizima, nani ataitengeneza?"

Kikombe cha chai kilimpata Trekta kwenye sikio. Sikumwona Kioo akikiinua, niliona tu chai ikimtiririka kaka shingoni na ngozi ikibadilika rangi. Trekta hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akafunga kompyuta vidole vya Kioo vikiwa bado juu ya vitufe, kisha akaegemea kifuniko kwa kiwiko na uzito wake wote. Mfupa mdogo ukivunjika hautoi mlio mkubwa, lakini kwa mtu mwenye kazi kama yangu unatosha. Kioo alimng'ata mkono mpaka meno yakakutana na kitu kigumu. Meza ikapinduka. Kocha alisubiri sahani ya mwisho imalize kuzunguka sakafuni, akasema neno moja tu, "Ulingoni."

Nilimwendea Kocha kwanza. Nilimkumbusha daktari, nikamkumbusha utando, nikapiga magoti, mimi nisiyempigia mtu magoti ila kwa kumfuta damu. Alisema atamvalisha kofia ya kujikinga, na kwamba mtoto wa kiume akinyimwa ulingo anaoza. Nikamwendea Kioo, nikamkuta akijifunga bandeji kwenye vidole vilivyovimba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema akikataa kupanda leo atakuwa Kioo mpaka kufa, na kwamba katika nyumba nzima hiki ndicho kitu pekee anachokijua kuliko wao, hawezi kuwaachia wakichezee.

Mwisho nikamwendea Trekta. Alikuwa ameketi peke yake chini ya mifuko ya mazoezi, sikio jekundu, mkono umefungwa kitambaa pale alipong'atwa. Hakunitazama. "Kichwa sitakigusa, Sindano," alisema. "Nitamkanda mbavu tu mpaka akae chini mwenyewe." Alisema kweli. Nimefikiri miaka mingi juu ya kauli ile, nimeigeuza kila upande, na mpaka leo naamini alisema kweli.

Ilikuwa mchana, jua linapenya kwenye matundu ya mabati na kuchora vidoti kwenye turubai. Raundi ya kwanza Trekta alitimiza ahadi. Makonde ya mbavuni yana sauti ya mtu anayekung'uta godoro, na aliyakung'uta kwa subira, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu aliyelipwa kwa siku. Kioo alizunguka upande mmoja tu, ili kaka asimpotee upande wa jicho lililokufa. Alikuwa mwepesi bado. Alimchoma Trekta ngumi mbili za mdomoni, kila moja na kidole chake kilichovunjika ndani, na kila akipiga alijikunja yeye kwa maumivu kuliko aliyepigwa. Vijana walimshangilia. Niliona uso wake umefunguka, nikaingiwa na wazo la kijinga kwamba labda atashinda.

Raundi ya pili kofia ilianza kumsaliti. Pedi ya shavuni ilikuwa imepanda na kuziba nusu ya jicho, akawa hauoni mkono wa kulia wa Trekta unapotoka. Akala tatu za tumbo mfululizo bila kujua zimetoka wapi. Kisha akarudi nyuma mpaka kwenye kamba, akaisukuma ile kofia kwa glovu zote mbili mpaka ikamtoka na kubingirika chini. Nilirusha taulo, pambano lisimamishwe. Lilikuwa taulo jeupe, limetua katikati ya ulingo, hakuna ambaye hakuliona. Kocha akalichota kwa ncha ya kiatu na kulitupa nje ya kamba. Alisema taulo ni la mapambano ya watu, hili ni la nyumbani. Trekta alisita. Kioo akamwingia na kichwa mbele, vichwa vikagongana, na nyusi ikapasuka.

Ndipo tulipofika pale nilipoanzia, mimi na pamba yangu na ile damu isiyo na adabu. Niliibana, nikaipaka dawa ya kukausha, nikaijaza mafuta ya mgando. Nilimwambia akae chini, aseme imetosha, tutajua la kufanya. Akaniuliza kama damu imesimama. Nikamwambia imesimama. Alinipiga begani kidogo na glovu, kunishukuru, kengele ikalia.

Raundi ya tatu aliingia kama mtu aliyepiga moyo konde. Hakuzunguka tena. Alimfuata Trekta hadi kifuani na kumpiga ngumi moja ya pua, safi, ile ambayo Kocha alimfundisha akiwa mdogo na kumpigia makofi. Pua ikavunjika. Kijana mmoja kwenye kamba akasema Trekta limezimika, na wote wakaangua kicheko. Kaka alisimama, akagusa pua kwa glovu, akaitazama glovu. Nilimwona anavimba. Na bado, Mungu ni shahidi wangu, bado alirudi mbavuni. Alimpiga ya kulia, akampiga ya kushoto, kwa hasira sasa, za kuvunja. Kioo akajikunja. Mikono yake ikashuka kuzilinda mbavu na uso ukabaki wazi kama mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Kocha, ambaye tangu mwanzo hakuwa amemwelekeza yeyote kati yao, akapaza sauti. "Juu!"

Katika ukumbi wetu neno hilo lilikuwa na kazi mbili. Kwa anayepigwa lilimaanisha inua mikono, linda uso. Kwa anayepiga lilimaanisha achana na mbavu, panda kichwani. Tulilinyonya neno lile pamoja na maziwa, mwili ulilitii kabla akili haijasikia. Kwa kawaida Kocha alitaja jina kwanza, akisema fulani, juu. Siku ile hakutaja jina. Na wanawe wote wawili wakamtii. Mikono ya Kioo ilianza kupanda kuulinda uso, na mkono wa kulia wa Trekta ukaanza kupanda kuufuata uso ule ule, na wa Trekta ukafika kwanza.

Hakuanguka. Watu hudhani alianguka. Alipepesuka, akajishika kwenye kamba, akajiweka sawa, akainua mikono usoni vizuri kabisa kama inavyotakiwa. Kisha akageukia upande ambao hakukuwa na mtu. Akasimama pale, kinga imekaa barabara, akisubiri konde kutoka kwenye kona tupu, na Trekta yuko nyuma yake mikono imening'inia. Akarusha ngumi moja hewani, akarusha ya pili. Miluzi ikakatika. Trekta akainama juu ya kamba akatapika.

Hospitali alitupokea daktari yule yule. Hakunikumbusha alichosema, na nilimchukia kwa hilo, ningependa anifokee. Kioo alimweleza kwa utulivu kwamba kitu cheusi kilianza kupanda kutoka chini kama maji yanavyojaa ndoo, mpaka kikamfunika. Walimpasua, wakaushona ule utando, wakamfunga bandeji. Bandeji ilipofunguliwa aliuliza kama imefunguliwa.

Kocha alisema lile neno alikuwa akimwambia Kioo. Alisema hivyo hospitali, akasema hivyo kwa majirani, akawaambia vijana wa mazoezi mmoja mmoja, hata ambao hawakumuuliza. Nilimwambia mwanangu ainue mikono, alisema, kuna baba gani asiyemwambia mwanawe ajilinde? Trekta hakumpinga wala hakumuunga mkono. Yeye aliacha kula mezani. Tovuti ikajengwa kwa kiolezo chekundu, maana sheria ni sheria na Trekta ndiye aliyebaki anaona ulingoni. Kocha mwenyewe aliisimamia. Na picha ya kwanza kabisa, ile inayokupokea kabla ya glovu, ilikuwa picha ya pambano lile. Kijana mmoja aliipiga kwa simu mkono wa Trekta umeshapanda, konde bado halijafika. Kocha alisema ukumbi haujawahi kupata picha nzuri kama ile, na shida ni kwamba hakukosea.

Siku nilipoiona nilipoteza akili. Nilivaa glovu bila bandeji, nikatoka jikoni kupitia ule mlango, nikapanda ulingoni ukumbi ukiwa umejaa watu. Nikamwita baba yangu. Sikumwita Kocha, nilimwita baba, kwa sauti, na kila mfuko wa mazoezi ukasimama. Nilimwambia tuna ugomvi ambao maneno yameshindwa kuumaliza. Mimi nasema lile neno ulimwambia Trekta, kwa sababu pua yake ilivunjika na watu wakacheka na hukuvumilia kuona bondia wako anachekwa. Wewe unasema ulimwambia Kioo. "Panda," nikamwambia.

Alikuwa na mwili bado, angenimaliza kwa mkono mmoja, na tulijua hivyo sote. Akaziangalia glovu zangu, akawaangalia vijana wake, ambao kila mmoja aliijua sheria ya nyumba ile kwa moyo. Kisha akasema mfuko wa mwisho unavuja mchanga, akaenda kuutazama. Alibaki kule nyuma akiupapasa mfuko mpaka watu wakaanza kuondoka. Mimi nilibaki juu, nimeshinda, na sikujua niuweke wapi ushindi wenyewe.

Haikupita muda mrefu tukahama, mimi na Kioo, tukapanga vyumba viwili upande mwingine wa mji. Alijifunza kompyuta upya, kwa masikio. Kuna programu inayomsomea mtu kila kilichoandikwa kwenye skrini, kwa sauti ya mwanamke ambaye Kiswahili anakitamka kama aliyeng'atwa na nyuki ulimini. Kioo aliizoea haraka, akawa anaikimbiza mpaka mimi sisikii neno, na baadaye akarudi kutengeneza tovuti za watu, za maduka, za shule, akiwauliza wateja maswali yale yale. Trekta alikuwa akija mara kwa mara. Alileta vitu, akarekebisha bomba, akakaa karibu na mlango. Ngumi alikuwa ameziacha. Habari ya tovuti ya ukumbi hakuna aliyeigusa.

Mpaka alasiri moja, tuko watatu, Kioo akasema anataka kuifungua. Trekta akaweka kikombe chini. Kioo aliandika jina la ukumbi, akabonyeza, akasubiri. Ukurasa ulikuwa mzito kama alivyosema zamani. Kisha yule mwanamke akaanza kusoma.

"Picha," alisema. "Picha. Kitufe. Picha. Video. Kitufe. Picha."

Kioo akashuka chini zaidi. Picha. Picha. Kitufe. Alipekua ukurasa mzima mpaka mwisho, kwa subira, na hakukuwa na neno lingine ndani yake. Trekta aliuliza kwa sauti ndogo kama mashine imeharibika. Kioo akamwambia haijaharibika. Mashine haijui kilicho ndani ya picha, alimweleza, lazima mtu aiandikie. Kila picha ina mahali pa kuandika hiyo ni picha ya nini, hata kwenye jukwaa lako lipo, ni kisanduku kidogo, watu wengi wanakiruka. Alisema bila kinyongo, kama anavyowaeleza wateja wake. Mimi ndiye niliyekuwa na kinyongo, nilikuwa nimesimama na kisu cha vitunguu mkononi na nilitamani kaka aseme neno moja la upuuzi.

Trekta alivuta kiti, akaomba kompyuta, akaingiza nenosiri la ukumbi, maana alikuwa nalo bado. Akatafuta kile kisanduku kwa muda mrefu, vidole vyake vinene vikikosea, mpaka akakipata. Akafungua picha ya kwanza.

"Hiyo ya nini?" Kioo akauliza.

Kaka alipumua kwa ile pua iliyokaa upande. Nilidhani atainuka aondoke.

"Ni wewe," alisema. "Umesimama."

"Na wewe?"

"Mimi nimenyanyua mkono."

"Andika yote mawili," Kioo alisema.

Trekta akaandika, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Akahifadhi. Kioo akaivuta kompyuta kwake, akarudi mwanzo wa ukurasa, akaongeza sauti ili tusikie sote, na yule mwanamke akasoma kwa Kiswahili chake kibovu, bila haraka, kama anavyosoma kila kitu.

"Picha. Mdogo wangu amesimama. Mimi nimenyanyua mkono."